Mwamba wa Igogo na kilele cha Uhuru: ugumu wa mlima hupimwaje?

Nyuma ya nyumba ya kaka yangu pale Igogo, Mwanza, mlimani, kuna mwamba ambao haufiki hata mita kumi. Upande wa nyuma, palipoota mkuyu katikati ya mawe, mtoto wa darasa la pili anapanda na kukaa juu akitazama ziwa. Upande wa mbele umesimama wima, laini kama ukuta uliopigwa lipu, hauna ufa wa kuingiza hata kidole. Tangu utoto wetu sijaona mtu aliyeupanda kwa upande ule.

Nilimpeleka mtoto wa kaka mbele ya mwamba huo siku aliponijia na swali lake. Kijana huyu hushusha magunia ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Ana kifua kipana na mguu imara, na amejiunga na wenzake wanaochanga fedha ili wapande Kilimanjaro Desemba, katika zile safari za kuadhimisha Uhuru. "Bamdogo," aliniuliza, "kati ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Everest, upi mgumu zaidi? Maana wengine wananiambia Kilimanjaro ni matembezi tu, hata wazee wanafika."

Nikamjibu kwa swali. Mwamba huu wa mita kumi hujawahi kuupanda kwa upande huu, na kilele cha Uhuru, juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, huenda ukafika. Sasa upi mgumu? Alicheka, kisha akanyamaza akiutazama. Haya ninayoandika ni jibu nililompa jioni ile na jioni mbili zilizofuata. Jibu la neno moja halipo, na anayelitoa anaweza kumponza mtu.

Urefu unasema kidogo

Kama urefu ungekuwa ndio ugumu, kazi ingekuwa nyepesi: tungechukua orodha ya vilele na kuisoma kutoka juu kwenda chini. Vipo vilele 14 vinavyozidi mita 8,000, vyote katika safu za Himalaya na Karakoram. Everest yenye mita 8,849 inaongoza, K2 yenye 8,611 inafuata. Lakini waliopanda yote miwili huiogopa K2 zaidi. Mteremko wake ni mkali kuanzia chini hadi juu, hali yake ya hewa ni mbaya, na karibu na kilele kuna mfereji mwembamba ambao kila mpandaji hupita huku juu yake limening'inia pande kubwa la barafu. Mwanzoni mwa Agosti 2008, vipande vya barafu hiyo vilipokatika na kuzoa kamba, watu 11 walikufa katika mlima huo.

Kuna kipimo kimoja cha historia ninachokipenda. Everest ilipandwa mara ya kwanza 1953 na Edmund Hillary na Tenzing Norgay, K2 ikafuata mwaka mmoja baadaye, 1954. Ukiishia hapo utasema milima hii ni pacha. Hebu tazama majira ya baridi kali. Wapoland waliifikia Everest katika majira hayo Februari 1980. K2 ilikataa kila jaribio la majira hayo hadi tarehe 16 Januari 2021, Wanepali kumi walipofika kileleni pamoja. Tofauti ya urefu kati ya vilele hivyo ni mita 238, na tofauti ya majira ya baridi ni miaka 41.

Hapa kwetu mfano uko karibu zaidi. Ol Doinyo Lengai una mita 2,962, nusu tu ya Kilimanjaro. Watu huupanda usiku mmoja na kurudi asubuhi, hasa kulikimbia jua, maana hakuna kivuli wala maji. Lakini mteremko wake ni wa majivu na mwamba unaoteleza, na sehemu za juu wengi huenda kwa miguu na mikono. Nimesikia waliofika Uhuru wakisema Lengai uliwatesa zaidi. Ninawaamini, kwa sababu wanasema habari ya magoti na nyayo, na Uhuru huwatesa watu mahali pengine kabisa.

Miguu, mikono, kamba

Wapandaji wa milima walilitambua tatizo hili zamani, wakatunga madaraja. Wamarekani wana ngazi tano. Ya kwanza ni kutembea njiani, ya pili ni kutembea huku mkono ukigusa jiwe hapa na pale, ya tatu ni kupanda kwa mikono na miguu, ya nne ni mahali ambapo ukianguka unaweza kufa na wengi hutaka kamba, na ya tano ni ukuta wa mwamba wa kupandwa kwa kamba na vifaa. Wafaransa hutumia herufi kwa mlima mzima, kuanzia F, yaani rahisi, hadi ED, ngumu kupita kiasi. Njia ya kawaida ya Mont Blanc ni PD, ya pili kutoka chini, na njia ya kawaida ya Matterhorn ni AD, ya tatu, ingawa Matterhorn ni mfupi kuliko Mont Blanc kwa mita zaidi ya 300.

Kwa madaraja hayo, njia ya Marangu ya Kilimanjaro ni ya kutembea, basi. Hakuna kamba, hakuna shoka la barafu. Hapo waliomwambia kijana wetu kuwa ni matembezi walisema kweli.

Mlima Kenya ni kisa kingine, na hapa ndipo mabishano mengi ya vijiweni yanapopotea njia. Mtu akisema "nimepanda Mlima Kenya", karibu kila mara ana maana ya Point Lenana, mita 4,985, kilele cha watembeao kwa miguu. Kilele chenyewe ni Batian, mita 5,199, kikifuatiwa na jirani yake Nelion, 5,188. Hivyo viwili ni kuta za mwamba, na hufiki bila kamba na mtu anayejua kuitumia. Halford Mackinder na waongozaji wake wawili walifika Batian 1899, na ikapita miaka 30 hadi 1929 mtu mwingine alipofika. Kilimanjaro ni mrefu kuliko Batian kwa karibu mita 700, lakini katika mia wanaofika Uhuru sijui ni wangapi wangethubutu hata kuugusa ukuta wa Batian.

Tena ukuta huo hubadilika kwa majira. Kwa kuwa mlima uko karibu kabisa na ikweta, jua likiwa kaskazini, katikati ya mwaka, upande wa kaskazini ndio mkavu, na wapandaji hupitia huko. Kuanzia Desemba hadi Machi jua huhamia kusini, na wapandaji nao huhama. Mlima ni uleule, mwezi ni tofauti, na ugumu umehama upande.

Na kabla hujaidharau Kilimanjaro, ikumbuke Mawenzi, kilele chake cha pili. Wachaga wana hadithi kwamba Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo, jirani yake aliyebeba Uhuru, kuomba moto kila mara, hadi Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kimepasukapasuka. Mita zake 5,149 ni za mwamba mbovu unaomeguka mkononi, na wanaoupanda ni wachache mno. Mlima mmoja, vilele viwili: kimoja bibi anafika kwa fimbo, kingine fundi wa kamba anakitafakari mara mbili.

Magunia ya hewa

Sasa nifike mahali Uhuru unapotesea watu, na hapa nilikaa na kijana wangu muda mrefu kuliko pengine popote.

Wengi hudhani kule juu oksijeni inaisha. Sivyo. Hewa ya Mwaloni na hewa ya kilele cha Uhuru zote zina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Kinachopungua ni kanieneo, yaani ule msukumo wa hewa. Nilimwambia afikirie rundo la magunia ya dagaa. Gunia la chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake, la juu kabisa limelegea. Sisi wa huku chini tunavuta hewa iliyobanwa, na kila pumzi hubeba kingi. Ukipanda, unapumua kutoka gunia lililolegea, hivyo kifua kinajaa kama kawaida lakini kilichomo ni kidogo.

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya Mwanza ni kama asilimia 87 ya ile ya Dar es Salaam. Horombo, kambi ya njia ya Marangu kwenye mita 3,720, inashuka chini kidogo ya theluthi mbili. Kileleni Uhuru ni nusu. Juu ya Everest ni theluthi moja, na ndiyo sababu karibu wote wanaofika hubeba mitungi ya oksijeni. Reinhold Messner na Peter Habeler walipofika bila mitungi, 1978, walijibu swali ambalo madaktari wengi walidhani jibu lake ni kifo.

Maji hutoa ushahidi uleule. Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na kwenye vibanda vya Kibo, mita 4,720, yanachemka kwenye nyuzi 84 au 85. Ukibandika maharage huko yatakesha jikoni.

"Sisi tuko juu kuliko watu wa Dar," akaniambia, "basi tutawazidi." Kwa bahati mbaya msaada wake ni mdogo sana. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuhesabiwa kuanzia mita 2,500 hivi, na mtu wa Mwanza na mtu wa Dar wote wanafika pale wakiwa wageni.

Mwili una uwezo wa kuzoea. Kwanza hupumua haraka zaidi, hata usingizini. Kisha figo hurekebisha damu ili upumuaji huo wa haraka usiivuruge, na baadaye kabisa damu yenyewe huongeza chembe nyekundu. Kazi hiyo inataka siku na wiki, haiharakishwi kwa nguvu za misuli. Ndiyo maana madaktari wa milima hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulikolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale usiku mmoja zaidi.

Upime ushauri huo kwenye njia ya Marangu. Mandara, kambi ya kwanza, ni mita 2,720. Horombo ni 3,720. Kibo ni 4,720. Kila usiku unaruka mita elfu, kisha usiku wa manane unaamshwa kwenda kuongeza nyingine 1,175 gizani, kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, juu ya kokoto ambazo jua likizilegeza hurudisha nusu ya kila hatua. Huondoki saa hizo kwa ushabiki tu. Usiku kokoto hushikana kwa barafu na kukanyagika vizuri, asubuhi mawingu huwa hayajapanda, na mchana unakuhitaji ushuke.

Kisha ifananishe na Everest. Kutoka lango la Marangu, lililo chini ya mita 2,000, hadi Uhuru ni kupanda karibu mita 4,000 kwa siku nne au tano. Kutoka kambi ya chini ya Everest upande wa Nepal, mita 5,364, hadi kileleni ni pungufu ya 3,500, na wapandaji wengi hutumia wiki kadhaa wakipanda kidogo na kushuka tena kulala, ili damu ijifunze. Sisemi Kilimanjaro ni sawa na Everest, nisieleweke vibaya. Ninasema ugumu mkubwa wa Kilimanjaro umo katika haraka yetu, na haraka hiyo tunainunua wenyewe tunapochagua safari ya siku chache kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Kijana alikuwa amesikia habari za Karl Egloff, aliyepanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2014 kwa saa sita na dakika 42. Ni kweli. Lakini Egloff ni mtu wa Quito, mji ulio mita 2,850, na aliuzoea mlima kabla ya kukimbia. Kifua kipana hakikingi ugonjwa huu. Kijana mwenye nguvu mara nyingi ndiye huumia, kwa kuwa miguu yake inamfikisha haraka mahali ambapo damu yake haijafika. Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita "wagumu", na ni wagumu kweli, lakini kila siku utawasikia wakiwaambia wageni pole pole.

Najua ninachokisema. Miaka sita iliyopita nilipanda kwa njia hiyohiyo ya Marangu, safari ya siku tano. Tulipofika pango la Hans Meyer, juu ya mita 5,100, kichwa kilikuwa kikigonga kama nyundo, nami nikajiambia ni uchovu. Mwongozaji akanimulika usoni, akachora mstari ardhini kwa fimbo, akasema, "Mzee wangu, tembea juu yake, kisigino kiguse kidole." Niliona natembea sawasawa. Wenzangu wananiambia nilipepesuka kama mlevi. Nilibishana naye kwa hasira, nikamwambia nimelipa fedha zangu. Hakunijibu neno, alichukua begi langu akanishika mkono tukashuka. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa Horombo nikinywa uji, kichwa kimetulia.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo, na wengi huzipata. Mtu mwenye dalili hizo asipande zaidi hadi zipite. Kupepesuka na kuchanganyikiwa maana yake ubongo unavimba. Kuhema hata ukiwa umekaa, na kikohozi chenye povu, maana yake mapafu yanajaa maji. Kwa hizo mbili dawa ya kwanza ni kushuka, usiku uleule, bila kungoja kupambazuke. Dawa ya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea haraka kidogo, kwa ushauri wa daktari, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuendelea kupanda akiwa mgonjwa.

Jambo dogo kabla sijaondoka kwenye hewa. Tabaka la hewa ni nene zaidi huku ikweta kuliko karibu na ncha za dunia. Denali wa Alaska, mita 6,190, kifuani unakuwa mrefu kuliko namba yake inavyosema. Kilimanjaro imependelewa kidogo kwa kusimama ilipo.

Ugumu usiomjali fundi

Kuna mlima unaokushinda kwa sababu hujui, na kuna mlima unaokuua hata ukijua. Annapurna, kilele cha kwanza cha zaidi ya mita 8,000 kupandwa, mwaka 1950, kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa na uwiano mbaya kuliko vyote 14 kati ya waliokufa na waliofika. Kinachoua sana ni maporomoko ya theluji, na theluji ikiporomoka haimuulizi mtu amepanda milima mingapi. Kilimanjaro nayo ina kona ya namna hiyo: njia ya Western Breach, ambako mawe yaliyoshikwa na barafu huachia jua likipanda. Januari 2006 yaliwaua wapandaji watatu Wamarekani.

Uwiano huo wa vifo watu huupenda sana, nami naomba utumike kwa uangalifu. Everest imeua zaidi ya watu 300, kuliko kilele kingine chochote cha mita 8,000, lakini imefikiwa zaidi ya mara 10,000, kwa kamba zilizofungwa tayari na mitungi ya oksijeni. Pia hesabu hiyo hugawa vifo kwa idadi ya waliofika, ikiwaacha nje walioishia njiani. Mlima unaofukuza watu mapema utaonekana mbaya kuliko ulivyo.

Kuhusu umbali wa msaada, mtu wa ziwani hahitaji mwalimu. Injini ya mtumbwi ikizima mbele ya Kirumba unapunga shati tu. Ikizima ng'ambo ya Ukerewe, wimbi lilelile na upepo uleule vina maana nyingine. Margherita, kilele cha Rwenzori, kina mita 5,109, kifupi kuliko Uhuru, lakini kukifikia ni siku kadhaa za mvua na matope ya magotini, kisha barafu ya kuvalia viatu vyenye meno ya chuma. Ukivunjika mguu kule, matope yaleyale yanakungoja kurudi. Kilimanjaro kuna njia pana, wapagazi wengi, machela ya gurudumu moja, na siku hewa ikiruhusu, helikopta.

Madaraja yenyewe hayakai mahali pamoja. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Kule Mlima Kenya, mfereji wa barafu kati ya Batian na Nelion uliokuwa ukiwaleta wapandaji kutoka mbali umekonda, na njia iliyoandikwa vitabuni miaka 50 iliyopita si ile utakayoikuta. Barafu ikiyeyuka mlima hauwi rahisi. Kilichokuwa kimeshikwa nayo huanza kuanguka.

Jioni ya tatu kijana alinipigia simu kutoka Mwaloni, kelele za wachuuzi nyuma yake. Wenzake wamekubali kuongeza siku ya pili Horombo, wapande hadi mita 4,000 hivi na kurudi kulala. Fedha iliyopungua wataitafuta kwa kushusha mizigo ya usiku. Akaniuliza kama kuna jambo jingine. Nikamwambia usiku wa kileleni chupa ya maji aiweke begini ikiwa imepinduliwa, mdomo chini, kwa kuwa barafu huanza kuganda juu.